Ngozi Ivute i Maji: Ngoma ya Chuka na Kazi ya Kuihifadhi

Ukitaka kujua ngoma ina umri gani, usianze na ngozi. Anza na mbao. Ngozi ya ngoma huwa changa kuliko mwili wake, kwa sababu ngozi hupasuka na mwenyewe huwamba nyingine. Mwili ukitunzwa vizuri unaweza kumzika aliyeuchonga na bado ukampata mjukuu wa kuupiga. Njiani umebadilisha ngozi mara tatu, mara tano, nani anahesabu? Na hakuna aliyewahi kusema kwamba ngoma ya babu si ya babu tena kwa sababu imewambwa ngozi mpya.

Sasa ipeleke ngoma hiyo makumbusho. Imefika ngozi ikiwa imechanika, mbao zina ufa, na chini kuna vitundu vidogo vinavyotoa unga. Mtu mwenye glavu anaipokea, anaiandikia nambari, anaipiga picha. Halafu anakaa na swali ambalo fundi wa kijijini hangejiuliza hata kidogo: niwambe ngozi mpya, au niiache hivi ilivyo?

Swali hili linasikika dogo, kama la mafundi peke yao. Mimi naliona ni swali la historia, na nitalieleza kwa kutumia ngoma moja ninayoifahamu vizuri kuliko nyingine: ngoma ndefu ya Chuka.

Kwa wasiopajua, chukua barabara inayozunguka Mlima Kenya upande wa mashariki. Ukitoka Embu mjini unapita Runyenjes, unavuka Mto Thuci, unaingia Chuka, kisha Chogoria, Nkubu, hadi Meru. Ni barabara ya kona na mabonde, kila baada ya muda kuna daraja na mto unaoshuka kutoka mlimani. Juu kuna chai, chini yake kahawa, na ukizidi kushuka upande wa Tharaka na Mbeere unafika kwenye joto, mtama na mizinga ya nyuki. Chuka iko katikati. Kiutawala leo ni Kaunti ya Tharaka-Nithi. Kimila Wachuka wanahesabiwa kati ya Ameru, ila ni majirani wa Aembu wa kuchanganyika kabisa. Ukiuliza watu wa pande zote mbili ni nani hodari wa ngoma, watabishana kidogo, lakini jina la Chuka halitakosa kutajwa.

Ngoma yenyewe ni gogo refu lililochimbwa ndani, limewambwa ngozi upande wa juu. Mpigaji haketi nayo. Anasimama, anaibana katikati ya mapaja ikiwa imeinama, na anaipiga kwa viganja huku mwili wake wote ukicheza. Miguuni ana njuga, mwilini mara nyingi ana ngozi ya mbega, ile nyeusi na nyeupe. Wapigaji ni wengi kwa pamoja, na uzuri wa kitu chote uko hapo: ngoma moja ni sauti tu, ngoma kumi ni mazungumzo. Ukishaona hivyo huwezi tena kuifikiria ngoma kama chombo kilichosimama peke yake mahali. Nusu ya chombo ni mapaja ya mtu.

Sasa turudi nyuma kidogo. Mwaka 1925 kulichapishwa London kitabu cha Granville Orde Browne, afisa wa serikali ya kikoloni aliyefanya kazi katika eneo hili la kusini mwa mlima, miongoni mwa Aembu, Wachuka, Wambeere, Wamwimbi na Watharaka. Kitabu kinaitwa *The Vanishing Tribes of Kenya*, yaani makabila ya Kenya yanayotoweka. Soma jina hilo taratibu. Mwandishi alikuwa ameishi na watu hawa, alikusanya habari zao kwa bidii, na uamuzi wake ukawa kwamba wanaondoka. Haraka, tuandike kabla hawajaisha!

Karibu miaka mia moja imepita, na hao waliotoweka wamejaa stegi ya Chuka asubuhi wakigombania matatu ya Nairobi. Lakini wazo la Orde Browne halikufa. Liliishi ndani ya makumbusho mengi duniani yaliyokusanya vitu vya Afrika wakati ule. Kama watu wanatoweka, basi kitu chao ni masalio, na masalio hayaguswi wala hayatengenezwi. Unayaweka kwenye kioo, unaandika kabila, unaondoka. Ngoma iliyokuwa ikibadilishwa ngozi kila ilipohitaji ikasimamishwa kwenye ngozi yake ya mwisho, kama saa iliyosimama wakati mwenyewe alipofariki.

Meru mjini jambo hili lina kejeli yake ya pekee. Makumbusho ya Meru, yaliyo chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, yamo ndani ya jengo la mawe lililo kongwe kuliko mengine yote mjini. Lilijengwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na lilikuwa ofisi ya Mkuu wa Wilaya, DC. Mwaka 1974 likafunguliwa kama makumbusho. Yaani chumba ambacho wazee waliingia wakivua kofia, ambamo kodi iliandikwa na kesi zikaamuliwa, ndicho leo kinachotunza vitu vya maisha ya Ameru. Si jambo baya. Mimi nalipenda. Ila linatukumbusha kwamba kuhifadhi kulitanguliwa na kutawala, na kwamba katika miaka hiyo ngoma ilikuwa na maadui zaidi ya wadudu.

Adui wa kwanza alikuwa mahubiri. Misheni zilizoingia hapa, Waanglikana upande wa Embu, Wakatoliki wa Consolata upande wa Meru, na Waskoti huko Chogoria kuanzia mwaka 1922, ziliziona ngoma za tohara na za usiku kama kamba inayowarudisha waumini gizani. Mwaka 1929 mzozo wa tohara ya wasichana ulipolipuka, misheni ya Chogoria ilipoteza sehemu kubwa ya waumini wake kwa mpigo. Mimi sitetei kisu. Nasema tu kwamba ngoma ilisimama upande mmoja na kisu, na wote wawili wakahukumiwa pamoja.

Adui wa pili alikuwa kafyu. Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Wagikuyu, Waembu na Wameru wakawekwa kapu moja kama watu wa kushukiwa, na kuanzia 1954 zaidi ya watu milioni moja wa jamii hizo wakahamishiwa vijiji vya lazima vilivyozungushiwa mitaro na seng'enge. Ngoma inataka uwanja, inataka watu wengi, na mara nyingi inataka usiku. Vitu hivyo vitatu ndivyo vilivyokuwa vimepigwa marufuku. Watu walihama na walichoweza kubeba, na gogo refu la mbao si kitu cha kwanza unachofikiria kubeba nyumba yako inapochomwa.

Kwa hivyo ngoma kongwe iliyotufikia kutoka nyakati hizo, popote ilipo, imebeba habari. Ina weusi wa moshi wa dari ilikotundikwa. Ina mng'aro pale mapaja yalipoisugua miaka na miaka. Ina jasho la viganja lililoingia kwenye ngozi. Ina alama za kamba za zamani chini ya kamba mpya, na kiraka cha nta mahali ufa ulipozibwa. Mtaalamu anaweza kusoma mambo haya kama mwanahistoria anavyosoma barua. Hii ndiyo hoja ya wanaosema usiwambe. Ukiitoa ile ngozi na kuisugua mbao mpaka ing'ae, umechoma barua ili upate bahasha safi.

Hapa tuongee ufundi kidogo, maana bila ufundi mjadala huu ni maneno tu.

Ngozi ya ngoma si ngozi ya kiatu. Ya kiatu imetiwa dawa ili isioze na isikakamae. Ya ngoma ni ngozi mbichi iliyokunwa, ikaloweshwa, ikawambwa ikiwa imelowa, kisha ikaachwa ikauke juani. Inapokauka inajivuta yenyewe, na huko kujivuta ndiko kunakoleta sauti. Waswahili waliona hili zamani wakafanya methali: ngozi ivute i maji. Ikishakauka, umechelewa. Baada ya hapo ngozi inaendelea kupumua na hewa. Mvua za Aprili zikija inalegea, ndiyo maana wapigaji huipasha ngoma moto au kuianika kabla ya kuanza. Januari, jua kali, inakaza hadi inaweza kujipasua bila kuguswa na mtu.

Mbao nazo zina mambo yao. Gogo hujaa unyevu na kuuachilia, hutanuka na kusinyaa, na halifanyi hivyo sawasawa pande zote. Ngozi ikivuta huku na mbao zikisinyaa kule, ufa unatokea. Kwa sababu hiyo wahifadhi hupendelea unyevu wa hewa ukae kati ya asilimia 45 na 55, na muhimu zaidi usipande na kushuka ghafla. Ngoma iliyochongwa kwenye baridi ya mlima wetu, ikapelekwa Ulaya kwenye chumba chenye kipasha joto msimu wa baridi, inakauka kuliko ilivyowahi kukauka maishani mwake. Nyufa nyingi za ngoma za Kiafrika zilizo ughaibuni hazikutokea Afrika.

Halafu kuna walaji. Mabuu ya mende wadogo wa makumbusho hupenda ngozi, nywele na manyoya. Mabuu mengine hula mbao kutoka ndani, na wewe unaona unga tu sakafuni. Zamani dawa yake ilikuwa sumu: makumbusho mengi duniani yalipaka vitu aseniki, baadaye DDT. Wadudu walikufa, na sumu ikabaki. Jamii za Wahindi Wekundu wa Marekani zilipoanza kurudishiwa vitu vyao vya ibada, baadhi walikuta havifai kuvaliwa tena kwa sababu ya sumu hiyo. Siku hizi njia salama ni kugandisha: unaifunga ngoma vizuri kwenye plastiki, unaiweka kwenye baridi ya nyuzi 20 au 30 chini ya sifuri kwa siku kadhaa, kisha unaiacha ipate joto polepole kabla ya kuifungua. Haibaki sumu wala harufu. Inataka friza kubwa, stima isiyopotea, na subira.

Baada ya hapo kazi inayobaki ni ya mikono mepesi. Vumbi linatolewa kwa brashi laini. Ngozi iliyokunjamana inalegezwa kwa mvuke kidogo kidogo, haimwagiwi maji. Mchaniko unashikiliwa kwa karatasi nyembamba ya Kijapani na gundi inayoweza kutolewa tena baadaye, kwa sababu kanuni ya kwanza ya kazi hii ni kutofanya jambo ambalo mwenzako wa miaka hamsini ijayo hawezi kulifuta. Mafuta ya kula, varnishi na misumari havikaribishwi. Mkamilifu wa kazi hii anaacha ngoma ikiwa imara, inasimama bila kuanguka, haiozi, na haitoi sauti.

Haitoi sauti. Hapo ndipo mimi na kioo tunapoanza kutofautiana.

Ulimwengu wa ala za muziki umeshaligombania jambo hili sana. Tangu 1960 kuna kamati ya kimataifa ya makumbusho yenye ala za muziki, CIMCIM, ambayo imetumia miongo kadhaa kuuliza kama ala ya kale ipigwe au inyamaze. Robert Barclay, mhifadhi wa Canada, katika kitabu chake cha mwaka 2004 anatenganisha njia tatu: kuiacha ala kama ushahidi, kuirudisha ilivyokuwa zamani, au kuiacha iendelee kutumika na kurekebishwa jinsi watumiaji wanavyotaka. Kila njia inapata kitu na kupoteza kitu.

Chukua fidla za Stradivari, ambazo kila mtu amezisikia hata kama hajui ni nini. Zina miaka mia tatu, zinauzwa kwa mamilioni ya dola, na bado zinapigwa jukwaani. Lakini karibu zote zilibadilishwa shingo na kuongezewa nguvu ndani, hasa karne ya 19, ili zitoe sauti kubwa iliyotakiwa na kumbi kubwa. Hakuna anayesema si za Stradivari. Kuna moja, iitwayo Messiah, ya mwaka 1716, iliyotunzwa ikiwa karibu mpya huko Oxford kwenye makumbusho ya Ashmolean. Hiyo haipigwi. Wazungu basi wamejipa yote mawili: fidla nyingi zinazoishi na kubadilika, na moja inayonyamaza ili tujue zilivyokuwa. Ngoma zetu zilipofika kwao zilipewa njia moja tu, ya kunyamaza.

Afrika Mashariki ina mifano yake. Kampala, Makumbusho ya Uganda yalipokuwa chini ya Klaus Wachsmann kuanzia miaka ya 1940 yalijenga sifa ya pekee: ala zilipigwa. Wanamuziki waliajiriwa, mgeni akaja akasikia, na ala zikakarabatiwa na watu waliojua kuzikarabati. Karibu na Mwanza, kwenye makumbusho ya Wasukuma huko Bujora, yaliyoanzishwa na padri David Clement kutoka Quebec, kuna nyumba ya ngoma za watemi, na kila mwaka msimu wa Bulabo uwanja huo hujaa vikundi vinavyoshindana kucheza. Ngoma za watemi zinatunzwa hapo, na ngoma nyingine zinalia hatua chache kutoka hapo. Nadhani hapa kuna jibu, nami nitalirudia.

Kwanza tuangalie Kenya ilifanya nini na sauti. Kwa bahati, hatukuwa wajinga. Mwaka 1963, tume ya watu watano iliyotayarisha wimbo wa taifa kutokana na bembezi la Wapokomo ilikuwa na Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Wawili kati yao, Hyslop mwaka 1975 na Senoga-Zake mwaka 1986, wakaja kuchapisha vitabu vya ala na muziki wa asili wa Kenya ambavyo walimu wa muziki bado wanavitegemea. Bomas of Kenya ikaanzishwa 1971, Embu ikapewa boma lake pale. Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza 1927, likapokea ngoma za jamii zote, na mpaka leo mtoto wa Kisumu anaweza kubana ngoma ya Chuka mapajani kwa sababu mwalimu wake anataka kombe.

Nalishukuru tamasha. Ila jukwaa lina bei yake. Saa inahesabu dakika, waamuzi wako mezani, na ngoma iliyokuwa ikipanda taratibu tangu jioni inakatwa iingie kwenye muda. Watoto wanajua midundo, wanajua hatua, lakini ngoma yenyewe wameikuta stoo ya shule, imenunuliwa tayari. Ngozi ikipasuka inanunuliwa nyingine. Ujuzi wa kuwamba haushindaniwi na hauna kombe. Basi tunajikuta na makumbusho yanayotunza mwili bila sauti, na tamasha linalotunza sauti bila mikono iliyotengeneza mwili. Fundi ameanguka katikati.

Mimi niliacha chuo bila digrii, kwa hivyo suala la nani anahesabiwa kuwa mtaalamu huwa linaniwasha. Mtu anayejua kuchagua mti kwa kuugonga, anayejua ngozi ya mnyama gani ichukuliwe sehemu gani ya mwili, anayejua ivutwe kiasi gani ikiwa maji ili ikikauka isipasuke, huyo anaitwa fundi wa jua kali. Anayejua asilimia za unyevu na baridi ya friza anaitwa mhifadhi. Ngoma inawahitaji wote wawili. Anayepata mwaliko wa semina ni mmoja.

Na saa inamwendea huyu wa kwanza vibaya. Mti unaopendwa sana kwa ngoma Afrika Mashariki ni muringa, *Cordia africana*, mwepesi kuchonga na mgumu kupasuka. Huku kwetu umezoeleka shambani, unasimama katikati ya kahawa ukitoa kivuli, na ndio huohuo unaotoa mizinga na samani. Kwa gogo la ngoma unahitaji mti mnene, wa miaka mingi. Mashamba yamegawanywa na kugawanywa, mwenye nusu ekari akipata muringa mnene anamuuzia mtu wa fanicha, hangojei mchonga ngoma anayekuja mara moja kwa miaka mitatu. Mteja akikosekana, fundi haachi mwanafunzi.

Pia kuna ngoma tusizoweza hata kubishana jinsi ya kuzihifadhi, kwa kuwa haziko. Mfano unaojulikana zaidi Kenya si wa mlimani, ni wa Mto Tana. Ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo, ilichukuliwa na maafisa wa kikoloni mwaka 1902, na tangu 1908 ni mali ya British Museum, ambako imekaa stoo. Mradi wa International Inventories, ulioshirikisha Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, wasanii wa Nairobi na makumbusho ya Cologne na Frankfurt, uliorodhesha zaidi ya vitu 32,000 vya Kenya vilivyo kwenye makumbusho ya nje. Mwaka 2021 matokeo yakaonyeshwa Nairobi. Sauti imekuwa rahisi kurudi kuliko mbao: mwaka 2014 nakala za rekodi alizofanya Hugh Tracey kwa Wakipsigis mwaka 1950 zilirudishwa kwa jamii hiyo, na wazee wakasikia sauti za ujana wao. Rekodi inaweza kuwa nyumbani na ughaibuni kwa wakati mmoja. Ngoma haiwezi.

Siku vitu vya nje vikirudi, na naamini baadhi vitarudi, swali letu la kwanza litakuwa lilelile la mtu mwenye glavu. Heri tuwe tumelijibu kwa vilivyo nyumbani.

Jibu langu ni hili. Ngoma kongwe iliyoingia makumbusho na jasho lake isiwambwe. Ipewe hewa tulivu, isafishwe kwa brashi, igandishwe ikiwa ina wadudu, mchaniko wake ushikiliwe tu. Ngozi ile ya mwisho ni maandishi, na hatuna maandishi mengi yaliyoandikwa na watu wetu wenyewe kutoka miaka hiyo. Lakini kwa kila ngoma inayonyamazishwa namna hiyo, makumbusho yaagize pacha wake. Fundi wa Chuka au wa Embu aalikwe, apewe ruhusa ya kuipima ngoma kongwe kwa mikono yake na kusema anachokiona ambacho kitabu hakikioni. Kisha achonge nyingine, uani, wazi, siku kwa siku, wanafunzi wakitazama na kushika, mtu mmoja akirekodi maneno yake yote. Ngozi ivutwe mbele ya watu ikiwa maji. Ngoma ile mpya isiwe na kamba ya kuzuia wageni. Ipigwe mpaka ipasuke, na ikipasuka yule aliyefundishwa aiwambe.

Hilo halihitaji miujiza. Katiba ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, inaweka makumbusho kati ya majukumu ya kaunti. Kenya iliridhia mwaka 2007 mkataba wa UNESCO wa kulinda urithi usioshikika, na mwaka 2014 ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho ikaandikwa kwenye orodha ya urithi unaohitaji ulinzi wa haraka. Sheria ipo, njia ipo. Kinachotakiwa ni mstari mmoja kwenye bajeti ya Embu, Tharaka-Nithi au Meru: gogo la muringa, ngozi moja, na mshahara wa fundi kwa miezi michache. Kaunti hutumia zaidi ya hapo kwa mahema ya siku moja.

Na wanaopita barabara ile ya kona wana kazi yao pia. Ukiwa na mzee nyumbani aliyewahi kuwamba ngoma, muulize wiki hii. Muulize mti gani, ngozi gani, iloweshwe muda gani, na kwa nini. Muulize akiwa bado na nguvu ya kukuonyesha kwa mikono, maana mambo mengine hayasemeki. Makumbusho yatakusaidia kutunza ngoma yake akishaondoka. Jinsi alivyoivuta, hakuna kioo kitakachokuonyesha.